Dada, Nimekufa Lini?

Linz, 11 Novemba 2018

Dada Zagorka,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na goti lako limepunguza hasira. Mimi sijambo. Baridi imeshaingia huku. Ukungu wa mto umekaa uani kutwa na mawe yote kiwandani yanatoka jasho. Bosi ameleta mashine mpya ya kukata granaiti, kwa hiyo tunachonga mabamba ya jikoni kila siku, mawe ya makaburi tunayaachia siku za mvua. Watu wa huku wanapenda kupika kuliko kuzikana. Paka wa jirani wa chini amezaa tena. Uniambie kama paa la nyumba ya mama limevumilia ule upepo.

Haya. Najua unashangaa kuona naandika siku isiyo ya sikukuu. Ngoja nikwambie.

Jana nilikwenda sokoni kununua kabichi la kuchachusha. Mbele yangu kwenye foleni alisimama kijana wa kwetu. Nilimjua kwa jinsi alivyokuwa akibonyezabonyeza kila kabichi na kulikunjia uso kabla ya kulinunua. Alipogeuka, kwenye fulana yake nikajiona mimi. Mimi, dada! Na zile nywele zangu za mwaka tisini na tatu, visikilizio shingoni, mdomo wazi. Juu imeandikwa SAA YA UMEME, kipindi changu cha redio. Chini yake: Tihomir Grujin, 1959–2008.

Nikamshika fulana. Akadhani mimi ni mlevi. Nikamwekea kidole kwenye ile miaka nikamuuliza kwa lugha yetu, huyu ni nani? Lo, alifurahi kukutana na mzee wa kwao! Akanijibu polepole, akinitazama usoni, kama watu wanavyowasemesha wazee.

"Mzee, huyu ndiye aliyewafundisha baba zetu kucheza wakati nchi haina umeme wala mkate. Dijei wa redio. Alifia huku huku Austria, maskini, karibu siku moja na mama yake. Kila mwaka tunakwenda kaburini kwake Zrenjanin na spika. Wewe uliwahi kumsikia?"

Nikamwambia niliwahi.

Dada, mimi nimekufa lini? Na mbona sikuletewa taarifa?

Mdogo wako,
Tihomir


Zrenjanin, 27 Desemba 2018

Mdogo wangu Tihomir,

Marahaba. Barua yako ilifika kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Nikola, msimamizi wa nyumba yetu, lakini mtu hajibu barua huku ana unga mpaka viwikoni. Mkate wa sikukuu umeumuka vizuri mwaka huu, haukupasuka. Padri alikuja na mafua, akabariki nyumba kisha akaipigia chafya. Wageni walijaa mpaka nikaazima viti kwa jirani. Goti ni lile lile. Paa limevumilia, ila bomba la mvua upande wa jikoni limeanguka na limelala pale chini linanisubiri mimi, maana mwanamume wa mwisho kupanda ngazi katika nyumba hii aliondoka mwaka tisini na tisa.

Unauliza umekufa lini. Kwa mujibu wa jiwe, umekufa mwaka 2008.

Jiwe unalikumbuka. Baba alilinunua akiwa hai, akatuandikisha sote wanne kama nyumba zote za hapa zinavyofanya: jina, mwaka wa kuzaliwa, kistari, halafu nafasi tupu ya kungojea. Ulikuwa ukilicheka, ukisema ni kama kukata tiketi ya basi kabla hujaamua safari. Baba alipokufa wakamfungia mwaka wake. Mama alipokufa nikamwita Sava, yule mchonga mawe wa mikono ya kutetemeka, nikamwambia aje afunge mwaka wa mama. Sikusimama kumwangalia, nilikuwa na watu wa kulisha. Jioni nakwenda na maua, nakuta mama bado yu hai na wewe umekufa. Mzee alikosea mstari.

Sava alinipigia magoti. Alisema ataleta bamba jipya, ataziba, atafanya hivi, atafanya vile. Nikalitazama lile jiwe, nikamwambia, "Acha. Mfungie na mama, na huyo mwache hivyo hivyo. Umekosea mstari, hukukosea ukweli."

Unajua kwa nini nilisema vile. Unajua ulichonijibu kwenye simu siku mama alipokata roho. Sikiandiki hapa.

Siku ya arobaini alikuja Strahinja. Wewe humjui. Alikuwa mmoja wa wale vijana waliokuwa wakiiba betri ya gari la baba yao kila Jumamosi, umeme ukikatika, ili wasikie kipindi chako. Leo ni mtu mzima, ana kitambi na cheo halmashauri. Alikuja kumwombea mama. Akasoma jiwe, akakaa chini kwenye matope, akalia mpaka kamasi zikamtoka. Halafu akainuka akanikumbatia. Akaniuliza, "Alifia huko huko Austria?" Nikainamisha kichwa. Sikusema uongo. Nilinyamaza, na watu wakamalizia wenyewe.

Nimekutilia humu kipande cha gazeti chenye picha ya kaburi, ujione. Na kama una neno, piga simu kama mwanaume.

Dada yako,
Zagorka


Linz, 20 Januari 2019

Dada Zagorka,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya, wa huku na wa kwetu. Theluji imefika magotini. Watoto wa paka wamegawanywa na mmoja nimetwishwa mimi. Ni mweusi, ana adabu kuliko mimi. Bosi ameniambia nistaafu ifikapo mwezi wa tano. Kwa heshima aliniandikia kwenye karatasi, nisikose hata neno. Mikono yangu bado mizima, usihofu. Bomba la mvua lifunge kwa waya hadi nitakapokuja.

Ndiyo, nakuja. Tutafika huko.

Kwanza nimeitazama ile picha kwa kioo cha kukuzia. Dada, nachonga makaburi tangu nilipofika huku, na nakuambia kazi ya Sava ni aibu. Ile nane imeinama inataka kuanguka, sifuri moja ni kubwa kuliko mwenzake. Huku angefukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Kama mlitaka kuniua, si mngeniita nijichonge mwenyewe?

Ninacheka, lakini sicheki. Wahenga wamesema asiyekuwepo na lake halipo, sawa, nimekubali, sikuwepo. Lakini nipo! Ni mimi niliyeketi kwenye kinu cha zamani cha kusaga unga kila Jumamosi saa kumi alasiri, glavu mkononi kwa baridi, nikiwapigia mashine zinazoimba wakati mashine zote za viwanda vyetu zimenyamaza kwa vikwazo vya kiuchumi. Kwa jenereta ya mwoka mikate! Wakati televisheni inatangaza vita na watu wamepanga foleni za mafuta, mimi nawaambia, "Fungueni madirisha." Na walifungua. Katikati ya Januari, mtaa mzima, kila nyumba na redio yake dirishani, muziki mmoja kutoka reli mpaka mtoni, hadi vioo vya benki vikatetemeka. Yule aliyesema maneno yale ana kinywa, na kinywa ni hiki.

Sasa nasoma kwenye gazeti lako kwamba tarehe moja Juni watabandika kibao kwenye kinu kile, ukumbi uitwe kwa jina langu, na wewe ndiye utakayefungua pazia. Hongera. Mwambie Strahinja ukweli kabla ya siku hiyo. Mwambie nipo, kwamba Sava alikosea. Sitaki makofi. Nataka chumba cha mbele cha nyumba ya mama, na nataka nikipita barabarani niitwe Tihomir. Basi.

Kuhusu simu, sijui unasema nini. Sikumbuki kukutolea neno baya. Niandikie nilichosema. Mimi simu sipigi, sizipendi.

Mdogo wako aliye hai,
Tihomir


Zrenjanin, 3 Machi 2019

Tihomir,

Marahaba. Jana ilikuwa Jumamosi ya wafu. Nimepeleka makaburini mkate, divai, na ngano ya marehemu ya kuchemsha na sukari, nimewasha mishumaa ya baba na mama, na wako. Upepo ulizima wa baba na wa mama. Wako uliwaka mpaka mwisho, sijui kwa kiburi gani. Bomba la mvua amelifunga Strahinja. Mlango wa banda la kuku pia. Hakuambiwa, aliona tu.

Umesema nikuandikie. Haya, kaa chini.

Mama aliugua majira ya kiangazi yote. Mwishoni hakujua mwezi, hakunijua hata mimi, aliniita muuguzi. Lakini Jumamosi aliijua. Kila Jumamosi alasiri aliniambia, "Muuguzi, fungua dirisha, mwanangu ataanza sasa hivi." Ulikuwa umeondoka miaka mingi, kipindi hakipo, redio yenyewe siku hizi inauza matangazo ya mbegu. Nikawa nafungua dirisha naweka kanda yako. Wewe unasema "Fungueni madirisha", mama anacheka, anasema, "Sikia, mafua yamemshika, ale kitunguu." Alikufa Jumamosi. Kanda ilikuwa bado inazunguka. Alikufa akijua mwanawe yuko kazini hapo kinuni, atarudi kula.

Nikakupigia simu. Namba nimekosea mara mbili. Ukapokea. Nikakwambia, "Tiho, mama amekufa." Nawe ukanijibu, kwa sauti ya mtu aliyeshiba, "Vizuri, vizuri, msalimie!" Ukakata.

Msalimie.

Nilibaki na simu sikioni. Nikajua umelewa, au una mwanamke, au vyote viwili, na sikupiga tena. Sava alipokosea mstari, nilisema Mungu ana mkono wake.

Sasa unataka niseme ukweli. Ukweli gani? Ndugu yangu niliyemhitaji alikuja. Nilibonyeza kitufe akaja, akazungumza na mama hadi dakika ya mwisho. Huyo ndiye aliye kwenye jiwe. Wewe wa huko Linz ni mtu mwingine anayetumia jina lake. Hukuja kuzika, hukuja arobaini, hukuja mwaka.

Na mengine nikwambie, maana nimeyameza muda mrefu mno. Ile jenereta ya mwoka mikate ilikunywa nini, maji? Ni mimi niliyebeba dizeli kutoka kiwanda cha sukari, chini ya koti, nikanuka mpaka mchumba wangu akahama kiti kanisani, kisha akahama kabisa. Uliwasalimia hewani wachinja nguruwe, makahaba wa kituo cha treni, mbwa wa stesheni. Mimi hukunitaja hata siku moja. Nilikuwa nakaa jikoni nasubiri, Jumamosi hadi Jumamosi, useme tu "na dada yangu". Thubutu!

Ulipokufa ndipo nilipopata jina. Wananiita Mama Zaga. Wanafunzi kutoka Belgrade wanakuja na vinasa sauti, wananiuliza ulikuwa unakula nini, ulikuwa unacheka vipi, nami nawaambia, na wanaandika. Sokoni wananichagulia nyanya nzuri. Nikiingia mahali watu wanasogea nikae. Uje wewe leo na meno yako ya bandia, niwe mwongo wa mji mzima? Hapana, mdogo wangu. Ukiwa hai hukunipa kitu. Niachie ulichonipa ulipokufa.

Zagorka


Linz, 24 Machi 2019

Dada,

Shikamoo. Theluji inayeyuka, uwanja wote ni tope. Paka amekua, anakamata panya na kuniwekea kwenye kiatu. Bosi amenipa grenda yangu ndogo, mashine ya mkono ya kukatia mawe, na tindo zangu niondoke nazo, zawadi ya kuagana. Barua yako nimeisoma mezani, nikaisoma kitandani, nikaisoma tena kazini nyuma ya mawe ili wasinione.

Mimi ni kiziwi.

Nimeliandika na bado nina mikono, kwa hiyo naendelea. Sikio la kushoto lilibaki huko, kwenye spika za kinu. La kulia lililiwa na misumeno ya granaiti huku. Mwaka ule wa 2008 yote mawili yalikuwa yamekwisha na hakuna aliyejua. Nilikuwa najifanya. Nani angenielewa? Tihomir Grujin, masikio ya mkoa mzima wa Banat, hasikii kengele ya mlango! Nilijifunza kusoma midomo. Lakini simu haina mdomo, dada.

Wewe ulikuwa ukipiga Jumapili, mara moja moja, na kila mara ilikuwa ni lile lile: habari za huko, mama anakusalimu. Nikaona taa ya simu inawaka, nikainua. Nikahisi kitu kinanguruma mkononi. Nikajibu kama nilivyokuwa nikijibu siku zote. Vizuri, vizuri, msalimie. Nikakata upesi, usigundue.

Unataka kujua nilijua lini kwamba mama hayupo? Kwa barua yako ya sikukuu, Desemba ile, ulipoandika kwamba mwaka huu umeukata mkate peke yako. Neno "peke yangu" ndilo lililoniambia. Alikuwa ameshaoza. Ningeuliza nini? Ningesema nini? Niliona heri uniite mlevi kuliko uniite kiziwi. Hivyo ndivyo nilivyo mpumbavu, na kila ninapofika pale uliposema alikuwa akisikiliza kanda, naikunja barua na kuifungua tena.

Na kuhusu dizeli, unayo haki. Nilidhani unajua.

Sikuombi msamaha ili unipe chumba. Nakuomba kitu kidogo kuliko chumba. Siku ile ya kibao nitakuja, nitakaa nyuma, nitavaa kofia. Sitasema lolote. Wewe ukiwa tayari, nitazame useme, "Yule ni mdogo wangu." Waambie alikosea Sava, waambie nilifungwa jela, nilipotea, waambie lolote upendalo, nitaitikia. Nataka mtu mmoja aliye hai anijue kabla sijafa kweli.

Tihomir


Zrenjanin, 20 Mei 2019

Tihomir,

Marahaba. Goti halijambo. Cheri za mama zimeanza kuwa nyekundu, ndege wanazila. Strahinja amepaka rangi ukumbi.

Usije.

Zagorka


Linz, 9 Juni 2019

Zagorka,

Sikuamkii. Wafu hawaamkiani. Nimefika salama, basi liliharibika Hungaria tukalala njiani. Paka alilishwa na jirani, amenenepa. Huku ni jua.

Barua yako ya neno moja niliipata siku niliyoondoka. Niliikunja nikaiweka mfukoni, nikapanda basi.

Uliniona. Usijidanganye kwamba hukuniona. Nilikaa safu ya mwisho, kofia magotini, kiganja ukutani, maana kwa kiganja bado nasikia kidogo. Walipoiwasha mitambo, ukuta wa kinu ulinipiga mkononi kama zamani. Nilijua ni kipande gani. Nilikijua kwa mfupa. Halafu nikaona midomo ya watu wote, wazee na vijana, ikifunguka pamoja, "Fungueni madirisha," na mikono ikakimbilia madirisha ya ukumbi. Nikaelewa kwamba nazungumza. Watu mia kadhaa wanasikia sauti yangu, isipokuwa mimi.

Nilikuwa nimeahidi kunyamaza. Ningenyamaza. Lakini nililia, na Strahinja wako ni mtu mwema, akaja na kitambi chake akachuchumaa mbele yangu. "Mzee, ulimfahamu?" Zagorka, ungekuwa wewe ungefanya nini? Nikamwambia, "Ni mimi. Mimi ndiye Tihomir." Sauti yangu siisikii, lakini huwa naziona nyuso za watu wanapoisikia. Msichana mmoja aliziba mdomo asicheke. Strahinja hakucheka. Alinipigapiga goti, akamwambia mwenziwe, "Kila mwaka anakuja mmoja." Kisha akageuka akakuita wewe.

Ukaja. Gauni jeusi, ua kifuani. Watu walisogea upite, kweli wanasogea. Strahinja akakuuliza, nilimwona akikuuliza, "Mama Zaga, unamjua huyu mzee?"

Ulinitazama viatu. Ulinitazama mikono. Halafu ukanitazama usoni, macho ya mama hayo hayo, na kwa muda ule mfupi nilidhani tumefika. Ulijua sisikii. Ulijua pia kwamba nasoma midomo, nilikuandikia mwenyewe. Ukaisogeza midomo yako taratibu, ili nisikose hata herufi.

"Simjui. Mpeni kitu ale."

Wakaniletea ngano ya marehemu kwenye kikombe cha plastiki, na kijiko. Ngano ya kuniombea mimi. Nikaila yote, Zagorka, mbele yako. Ilikuwa nzuri. Unaweka kokwa nyingi za jozi kama mama alivyokuwa akiweka, na sukari hukuibania. Sikutegemea kwamba ungenipikia vizuri hivyo.

Nilitoka wakati mnafungua pazia la kibao.

Nililala stesheni. Asubuhi nikaenda makaburini na begi langu. Mlinzi aliona grenda, aliona tindo na nyundo, aliona mzee mwenye vumbi la mawe kwenye kucha, akanifungulia geti na kunionyesha bomba la maji. Nani humuuliza mchonga mawe anakwenda wapi?

Nikawakuta wote. Baba amechongwa vizuri, mama ovyo, mimi aibu tupu. Nilifikiria kujifuta. Nimo kwenye kazi hii muda wa kutosha kujua kwamba granaiti haifutiki, unaweza tu kuchimba zaidi, na shimo nalo ni maandishi. Kwa hiyo nilijiacha. Ulitaka marehemu, umempata, sikunyang'anyi.

Lakini chini yangu kulikuwa na mstari wako. Zagorka Grujin, 1955, kistari, nafasi tupu. Safi kabisa, haijaguswa.

Nilipima. Nilichora kwa penseli kwanza, kama nilivyofundishwa. Sikuharakisha. Mama mmoja aliyekuwa akimwagilia maua kaburi la jirani alisoma jina, akajipiga ishara ya msalaba, nikaona midomo yake: "Masikini Mama Zaga, jana tu alikuwa ukumbini." Nikavua kofia. Akaondoka mbio na ndoo yake, na kwa mwendo ule nadhani mji mzima ulishajua kabla hujaamka.

2019. Nenda ukaione. Tisa haijainama, sifuri iko sawa na mbili. Ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya, bosi angelia. Utakaposimama pale watakuja kukugusa mkono kuona kama una joto. Utawaambia ni makosa, ni mzaha, kuna mtu amekuja. Watakuuliza, mtu gani? Hapo utaona, dada, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Ulilalamika kwamba sikukutaja hata siku moja. Sasa nimekutaja, na kwa tarakimu ambazo mvua haizimalizi.

Akija mgeni pale kaburini na kuuliza kama kuna aliyemjua Tihomir Grujin, atasoma mwenyewe kwamba hakubaki hata mmoja.

Marehemu mdogo wako,
Tihomir